Nataka kuhamia kwenye basi, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni nesi, niko Ohio mwaka wa sita sasa, nafanya ile kazi ya mikataba ya wiki 13, leo hospitali hii kesho jimbo lingine, na kila mkataba natafuta chumba upya. Nimechoka. Nimeona basi la zamani la shule mnadani, bei nzuri, nataka nitoe siti nilifanye nyumba nihamie jumla. Niweke sola kiasi gani, na basi lipi zuri? Afu mama yuko Moshi, nimemgusia tu akanyamaza kwenye simu, anasema bora nirudi nyumbani kuliko kulala kwenye gari.
Nesi, Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu. Mi naishi kwenye basi mwaka wa nne huu na napapenda, siwezi kukukataza. Ila umeanza na sola wakati ungeanza na karatasi.

Ile hela ya nyumba kwenye mkataba wako, isiyokatwa kodi, ni ya mtu mwenye makao sehemu, anayalipia, afu anaenda kufanya kazi mbali nayo. Sasa ukirudisha funguo za Columbus ukawa unatembea na nyumba yako yote, IRS, wale watu wa kodi wa Marekani, wanakuhesabu huna makao, na ile hela inakatwa kodi kama mshahara mwingine wowote. Umepiga hesabu hiyo? Nenda kwa mhasibu anayehudumia manesi wa kusafiri kabla hujanunua chochote, tafadhali. Na kama bado uko kwenye green card, ukihama una siku 10 za kuwaarifu USCIS, watu wa uhamiaji, kwa fomu AR-11, kwaiyo lazima uwe na anwani ambayo barua ikifika kuna mtu anaiona na anakupigia.

Bima nayo uliza mapema sababu makampuni mengi hayataki kabisa basi lililobadilishwa, na yanayokubali mengi yanataka kadi ya gari isomeke nyumba ya kutembelea. Majimbo mengi pia yatakutaka upake rangi nyingine na kutoa zile taa na kibao cha stop, maana ile njano tangu 1939 ni alama ya watoto.

Sasa basi lenyewe. La kwangu nililinunua kwa picha, lilikuwa linang'aa. Siti tulizitoa wikiendi mbili, bolti zote zimegandana na kutu ikabidi tuzikate na grainda, tukabandua raba ya sakafu, chini kuna plaiwudi imelowa, laini kama andazi lililozamishwa kwenye chai. Kuinua plaiwudi pale juu ya tairi za nyuma, bati limeliwa lote, nikawa naona majani ya uwanjani kupitia sakafu ya nyumba yangu. Basi lile lilizeekea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa baridi, na Ohio ndo hukohuko, kwaiyo hilo la mnadani usilipie kabla hujaingia uvunguni na tochi na bisibisi, gonga, choma, bati zima halitobolewi na bisibisi. Ukiweza tafuta la Arizona au New Mexico, huko kukavu, nauli ya kulifuata ni ndogo kuliko kuchomelea sakafu nzima. Injini DT466 au Cummins 5.9 utapata fundi na spea karibu popote, ila giaboksi ikiwa Allison AT545 ujue milimani utapanda taratibu sana.

Simama ndani pia upime kichwa chako na dari, sababu ukishaweka sponji ya kuzuia baridi juu na chini unapoteza nafasi ya kutosha. Na maji mazito jamani, tangi la galoni 100 ni kilo 378, liweke karibu na ekseli, sio nyuma kabisa.

Sola sasa: betri ya lithiamu ya volti 12, Ah 200, inakupa kama yuniti mbili na nusu za umeme. Friji ndogo ya volti 12, taa, simu, laptop, inatosha. Maharage ya saa mbili kwenye jiko la umeme haitoshi, pikia gesi, na kigundua gesi kifunge chini karibu na sakafu maana gesi ya mtungi inashuka. Kigundua cha hewa ya sumu (carbon monoxide), kifunge karibu na kitanda.

Mama usimlaumu, kwetu mtu kulala kwenye gari ni kwamba amekwama. Usimtumie picha za basi tupu, subiri siku umetandika kitanda, sufuria iko jikoni, ndo umpigie video. Mama yangu mimi alitazama kila kitu kimya afu akauliza mlango unafungwaje. Na aliuliza la maana, maana mlango wa basi la shule mara nyingi hauna kufuli ya kueleweka, na we utakuwa unarudi shifti ya usiku unalala mchana peke yako. Weka komeo la ndani kabla hujalala humo hata siku moja.