Shangazi, huu msemo wa Wafini kwenye daftari la babu una maana gani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nimeolewa Kitangari, Newala. Babu yangu mzaa mama alikua fundi pampu kwenye ule mradi wa maji wa Wafini miaka ya 80, ameshatangulia mbele za haki ila kaacha daftari la kazi limejaa michoro ya pampu na vipimo vya visima, ukurasa wa mwisho kaandika "Yrittänyttä ei laiteta". Bibi anasema babu alikua anaisema kila akikutana na pampu iliyomshinda. Inatamkwaje na maana yake nini? Nauliza kwa sababu msimu uliopita nilichukua gunia moja la korosho za shamba letu nikabangua mwenyewe nyumbani, zaidi ya nusu zikavunjika na mikono ikababuka, basi mpaka leo wageni wakija mama mkwe anawasimulia, anasema si bora zingeenda chama cha msingi tungoje mnada. Nataka kujaribu tena ila naona aibu.
Mjukuu wa fundi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na mikono.

Maana yake ni "aliyejaribu halaumiwi". Ukiuliza simu inaweza kukupoteza, hilo neno la mwisho siku hizi Wafini wanalitumia zaidi kwa kuweka au kuandaa, ila kwenye methali limebaki na maana yake ya zamani ya kulaumu. Kutamka sio kazi sana, Wafini mkazo wanauweka mwanzo wa neno siku zote, hiyo y sema i huku midomo umeichongoa kama unataka kusema u, na kila ukikuta tt ishikilie kidogo kabla hujaiachia. "Ei laiteta" isome tu kama Kiswahili, mkazo uwe kwenye lai.

Sasa angalia huo msemo unaongea na nani. Sisi tuna "penye nia pana njia", huo unamwambia mwenye nia kwamba atafika. Wa Wafini haukuahidi kitu, unaweza kujaribu ukashindwa kabisa na bado msemo ukawa kweli, maana unaongea na waliosimama pembeni wanaangalia, unawakataza kulaumu. Kwa hiyo wewe huna cha kuonea aibu mwanangu, anayedaiwa hapo ni anayewasimulia wageni.

Na babu yako alikua na sababu ya kuushika. Finland waliingia kwenye maji ya Mtwara na Lindi tangu miaka ya 70, wakachimba visima na kufunga pampu za mkono aina ya Nira zilizotengenezwa kwao, na nyingi zikaja kuharibika, vipuri hakuna, kina mama wakarudi kuteka bondeni. Ingeweza kuishia hapo kwa lawama. Lakini hawakuondoka, mwaka 1988 wakaanza mradi mwingine wa maendeleo vijijini, RIPS, na miaka ya 90 wakabadilisha kabisa namna ya kufanya kazi, wakawa wanakaa na wanakijiji kwanza kuwauliza wao wanataka nini. Mimi hiyo naiheshimu sana, kushindwa halafu ukarudi na njia nyingine.

Na hapo ndo nakubana kidogo, maana Wafini haohao wana methali nyingine, anayejinyoosha kufikia kilele cha mti mrefu huangukia kwenye kichaka cha miiba. Usirudi na gunia zima. Anza na debe moja, tena la korosho zilizokauka vizuri. Zipige mvuke, usizichome, afu ziache zipoe kabisa ndo uanze kupasua, watu wengi wanakimbilia kupasua zikiwa na moto na punje inatoka vipande. Mikono ipake mafuta ya nyonyo au majivu kabla hujagusa ganda, yale mafuta ya ganda hayana huruma. Kumenya ganda la ndani subiri punje ikauke kwenye oveni au kaushio la moto mdogo, ikikauka sawasawa ngozi inatoka kwa vidole, ukiona unaikwangua kwa kisu jua bado. Pesa ipo kwenye punje nzima, sokoni utasikia W320, maana yake nyeupe nzima zinazofika kama 320 kwa ratili moja, vipande vinalipwa kidogo. Pita SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, pale Mtwara mjini uulizie mafunzo na mashine ndogo ya kukatia. Ila korosho za kununua mtaani kwa kangomba, yaani nje ya ushirika, usiguse, hilo ni kosa kisheria, bangua za shamba lenu tu na uwaulize chama na bodi ya korosho kabla hujaanza kuuza.

Hoja ya mama mkwe kuhusu mnada usiidharau, ya mnada ni pesa ya uhakika kuliko ya kwako kwa sasa, kwa hiyo gunia zote nyingine zipeleke chama kama kawaida, debe lako liwe pembeni na mumeo ajue. Halafu siku ya kumenya mwite mama mkwe akae na wewe, mwambie mama naomba unisaidie mkono, mwekee ungo wake. Za kwake zikivunjika na wewe usimsimulie mtu.