Maswali ya Mei: kura za madiwani Sheffield

Mei inakaribia na kikapu cha maswali kimefurika. Vikaratasi vya wagombea vinadondoka mlangoni pamoja na vya piza, na wengi mnavitupa pamoja. Wiki hii ni uchaguzi wa halmashauri tu. Mengine ya viza na nyumba yasubiri kwanza.

Shikamoo mjomba. Mimi ni Mtanzania, niko hapa kwa viza ya masomo. Rafiki yangu Mkenya anasema naweza kupiga kura ya madiwani. Mimi najua ananitania. Nani mkweli?
*Mwanafunzi, Crookesmoor*

Marahaba. Rafiki yako ndiye mkweli. Sheria ya hapa inampa kura raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola mwenye miaka 18, anayeishi hapa na mwenye ruhusa ya kukaa nchini. Viza ya masomo ni ruhusa. Kwa hiyo Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda (wao waliingia Jumuiya mwaka 2009) wote wamo.

Lakini kura haikufuati nyumbani. Lazima ujiandikishe, na mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya siku ya uchaguzi. Unajaza kwenye intaneti, ni dakika chache tu. Kama una anwani mbili, moja ya chuo na nyingine kwa shangazi yako Leicester, unaweza kujiandikisha kote na kupiga kura ya madiwani kote, kwa kuwa hizo ni halmashauri mbili tofauti. Uchaguzi wa bunge ndio unapiga mara moja tu.

Tangu Mei 2023 lazima pia uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti yako ya Tanzania inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi sura iliyomo bado ni yako. Picha ya pasipoti kwenye simu haikubaliki. Mwaka ule wa kwanza nilimwona kijana akirudishwa mlangoni na simu yake mkononi. Alisema anaenda kuifuata pasipoti. Sikumwona tena, na mimi nilikaa pale nje na vipeperushi vyangu mpaka jioni.

Jambo mzee. Mimi natoka Bukavu, niko hapa miaka sita, nina karatasi za ukimbizi. Jirani yangu Mnyarwanda amefika juzi tu, anapiga kura. Mimi hapana. Hii ni haki?
*Baba wa watoto wanne, Darnall*

Ndugu yangu, haki sijui, sheria ndiyo hiyo. Kati ya Bukavu na ng'ambo ya Rwanda kuna mto Ruzizi tu, mtu anavuka kwa miguu kwenda sokoni. Lakini Kongo haimo katika Jumuiya ya Madola, na Burundi vilevile. Nyinyi mnasubiri uraia. Ukishaupata, siku hiyohiyo jiandikishe.

Kabla ya hapo usikae kimya. Diwani anawakilisha kila anayeishi katika kata, awe na kura au asiwe nayo. Barua yako kuhusu nyumba yenye ukungu ina uzito uleule. Unaweza pia kwenda kwenye mikutano ya kamati za maeneo, ambazo ziko saba jijini. Jiji hili limejiita mji wa hifadhi, yaani wa kuwapokea wakimbizi, tangu 2007, la kwanza Uingereza kufanya hivyo. Basi wakumbushe.

Mjomba, pale kiwandani kuna wazee Waingereza ambao chama cha Labour kwao ni kama dini. Hawampendi waziri mkuu, wanamtukana diwani wao, halafu Mei wanampa kura. Mbona hivyo?
*Fundi wa mashine, Tinsley*

Swali lako limenifurahisha, kwa sababu unafanya kazi palepale jibu lilipo. Bonde la Don, kuanzia Attercliffe hadi huko Tinsley, lilikuwa safu moja ya viwanda vya chuma. Chuma kisichoshika kutu kilitoka mji huu, mwaka 1913, mikononi mwa Harry Brearley, mtoto wa myeyushaji wa chuma. Angalia nyuma ya kisu cha zamani cha bibi yako, huenda jina la mji limepigwa mhuri. Watu waliokitengeneza walikuwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi, na vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyozaa Labour. Mwaka 1926 Sheffield ikawa jiji kubwa la kwanza Uingereza kuongozwa na chama hicho, na tangu hapo kimeshika halmashauri kwa miaka mingi kuliko vingine vyote.

Mzee wa miaka sabini anakumbuka zaidi ya bendera. Anakumbuka nauli ya basi. Katikati ya miaka ya 1970 viongozi wa Labour wa South Yorkshire walizigandisha nauli, na mtoto akawa analipa peni mbili. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ikaifuta halmashauri ile ya mkoa, mabasi yakafunguliwa kwa makampuni binafsi, na nauli ikapaa. Katikati hapo viwanda vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Meadowhall tunakonunua viatu, iliyofunguliwa mwaka 1990, imesimama palipokuwa kiwanda cha Hadfields. Mtu aliyeyapitia hayo anapiga kura na kumbukumbu yake yote, na kipeperushi cha wiki hii hakimtikisi.

Ila usidanganyike kwamba jiji lote ni moja. Upepo hapa huvuma zaidi kutoka magharibi, moshi wa tanuri ukawa unaelekea mashariki. Matajiri wakajenga magharibi, Dore, Ecclesall na Fulwood, na wafanyakazi wakabaki chini ya moshi. Moshi umekwisha, mpaka umebaki. Magharibi ndiko Liberal Democrats walikojijenga. Nilipofika hapa mwaka 1999 wao ndio kwanza wamechukua halmashauri nzima, nami nikadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote! Waliipoteza 2002, wakairudia 2008. Kisha mwaka 2010 Nick Clegg, mbunge wa hapahapa Hallam, akaingia serikali ya mseto ya Conservative kama naibu waziri mkuu, ada za vyuo zikapandishwa, na madiwani wake wakaadhibiwa kwa dhambi ya London. Kufikia 2011 Labour walikuwa wamerudi. Diwani aliyekuwa anashughulikia mashimo ya barabarani vizuri kabisa aling'oka kwa ajili ya ada za chuo.

Kila mkutano wa kata lazima mtu ataje miti. Miti gani? Nimehamia hapa mwaka jana, naona miti ipo.
*Mama wa Walkley*

Ipo kwa sababu watu waliikumbatia, mama. Kisa ni kirefu, ila ndicho kilichobadilisha siasa za mji huu kuliko hotuba yoyote, kwa hiyo nivumilie.

Mwaka 2012 halmashauri, ikiwa mikononi mwa Labour, iliingia mkataba na kampuni ya Amey kutengeneza barabara zote za jiji kwa miaka 25, thamani pauni bilioni 2.2. Ndani ya mkataba kulikuwa na miti ya barabarani. Mwaka 2018 ndipo watu walipojua kwamba mkataba ulitaja kung'oa na kupanda upya miti 17,500, karibu nusu ya miti yote ya mitaani. Kufikia hapo maelfu ilikuwa imeshaanguka, mingi ikiwa mizima kabisa.

Alfajiri moja ya Novemba 2016, giza bado, polisi waligonga milango ya Rustlings Road kuwaamsha watu waondoe magari yao. Miti minane ikaangushwa. Wanawake wawili wastaafu walikamatwa. Mwaka uliofuata halmashauri ilimpeleka mahakamani hata diwani wa chama cha Green, Alison Teal, na kesi yake ikatupwa. Mimi nilikuwa nawacheka hawa wazee wa Kizungu na miti yao. Kwetu mti ukizuia barabara unakatwa. Nilichelewa kuelewa kwamba ugomvi haukuwa wa miti peke yake. Watu waliuliza maswali miaka mingi na kila jibu likawa la chenga. Machi 2023 ripoti ya Sir Mark Lowcock, aliyekichunguza kisa hiki, ilisema wazi kwamba halmashauri iliwapotosha wananchi na hata mahakama, nayo halmashauri ikaomba radhi.

Sasa sikiliza siasa yake. Siku zile maamuzi yalikuwa ya kiongozi na baraza lake dogo. Madiwani wengine, hata wa chama chake, walikuwa wanapiga makofi tu. Wananchi wakazunguka na karatasi, wakakusanya saini zaidi ya 26,000, zaidi ya zilizotakiwa na sheria, na halmashauri ikalazimika kuitisha kura ya maoni. Mei 2021 karibu theluthi mbili ya waliopiga waliamua mfumo ule ufe, na tangu Mei 2022 maamuzi yanapitia kamati zenye madiwani wa vyama mbalimbali. Siku hiyohiyo ya kura ya maoni, Labour ilipoteza wingi wake. Kati ya viti 84 ilibaki na 41, Liberal Democrats 29, Green 13, Conservative kimoja. Na kiongozi wa halmashauri mwenyewe, Bob Johnson, aliangushwa na Green katika kata yake ya Hillsborough.

Kwa hiyo ukisikia diwani anasema "tutawashirikisha wananchi" huku anaangalia dirishani, anaangalia miti.

Sasa mjomba! Kwetu Kenya MCA wangu, yaani diwani wa kaunti, nilikuwa namjua. Alikuja matangani, alitoa basari, simu alishika. Hapa nina madiwani watatu na sijawahi kumwona hata mmoja. Kwani watatu wa nini?
*Mkenya wa Firth Park*

Poa sana. Kata ziko 28, kila moja ina madiwani watatu, ndiyo hizo 84 nilizotaja. Hawachaguliwi pamoja. Kila mmoja anakaa miaka minne, na kila Mei anachaguliwa mmoja, isipokuwa mwaka wa nne ambao hapana kura. Ndiyo maana halmashauri hii haipinduki kwa siku moja. Wananchi wakikasirika wanaweza kuondoa theluthi tu, wengine wanasubiri zamu yao. Mimi mfumo huu siupendi, unachosha watu. Kwa kawaida hujitokeza mpiga kura kama mmoja kati ya watatu.

Kuhusu basari, usimtarajie. Diwani wa hapa hana mfuko wa kugawa na akikupa hata chai siku za kampeni anaweza kujiingiza matatani. Analipwa posho, siyo mshahara mnono, na wengi wana kazi nyingine mchana. Sehemu kubwa ya fedha za jiji inaishia kwenye matunzo ya wazee, walemavu na watoto, kwa sheria, kabla hawajafika kwenye taka na maktaba. Alichonacho ni mlango. Barua ya diwani kwa idara ya nyumba hujibiwa wakati yako imelala. Mwandikie wote watatu kwa mpigo, hasa kama ni wa vyama tofauti. Kila mmoja ataogopa mwenzake asijibu kwanza.

Diwani wetu alisema mbele ya watu atapinga jambo fulani la ardhi. Siku ya kura akaungana na chama. Huu si uongo?
*Amechoka, Gleadless*

Huenda ni uongo, huenda ni mnadhimu. Kila chama kina mnadhimu wake, na kazi yake ni kuhesabu mikono kabla haijanyooshwa. Anayekaidi anaadhibiwa. Mwaka 2023 madiwani kadhaa wa Labour hapa walisimamishwa baada ya kukataa kuufuata msimamo wa chama kwenye mpango wa ardhi wa jiji. Wa kwako pengine alipima akaona kiti kina uzito kuliko ahadi. Kumbukumbu za kura ziko wazi, zisome kabla hajabisha hodi tena, umsubiri nazo mlangoni.

Nani bosi wa mji, Lord Mayor au Mayor? Na je, sisi wageni tunaweza kugombea?
*Dereva wa teksi, Burngreave*

Lord Mayor ni wa mikufu na sherehe. Magid Magid, aliyezaliwa Somalia na kuletwa hapa akiwa mtoto, alikuwa Lord Mayor mwaka 2018 akiwa na miaka 28, diwani wa Green. Alileta raha ofisini, lakini mamlaka ya bajeti hakuwa nayo. Meya wa South Yorkshire, Oliver Coppard, ni mwingine, anachaguliwa na wilaya nne pamoja na Sheffield ikiwemo, na mambo ya mabasi na tramu mlilie yeye.

Kugombea udiwani unaweza, ukiwa raia wa Jumuiya ya Madola mwenye ukaazi wa kudumu, na ama umejiandikisha kupiga kura hapa jijini, ama umeishi au kufanya kazi hapa miezi 12 iliyopita. Saini mbili za wapiga kura wa kata, bila dhamana ya fedha. Na huhitaji chama, tofauti na Tanzania ambako mgombea binafsi haruhusiwi. Ukiwa mwajiriwa wa halmashauri hiyohiyo, hapo ndipo sheria inakukatalia.

Navaa nikabu. Watanifunua mbele ya wanaume?
*Bi mkubwa, Sharrow*

Hapana bibi. Omba mhudumu mwanamke na mahali pa faragha, wanatakiwa wawe na kioo pia ili ujirekebishe ukimaliza. Vituo viko wazi saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, Alhamisi. Na ukikosea kuweka alama, usiitumbukize, rudisha karatasi upewe nyingine. Kalamu ya risasi wanayo, imefungwa kwa kamba. Ukitaka ya wino, nenda na yako.