Kura yangu naipa wimbo wa furaha unaoijua shida

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: katika nyimbo maarufu za furaha tangu enzi za santuri hadi leo, upi umedumu na kwa nini? Mimi napiga muziki kwenye sherehe hapa jijini Mbeya: kipaimara, sendofu, harusi. Swali hilo nakutana nalo ukumbini kila msimu wa harusi. Msimamo wangu ni kwamba wimbo wa furaha unaodumu ni ule uliobeba shida ndani yake, au uliotungwa watu wakiwa shidani. Unaosifia raha tupu huvuma msimu mmoja, halafu basi.

Tazameni hata za ng'ambo. "Happy Days Are Here Again" ni wimbo wa mwaka 1929, mwaka uleule soko la hisa la Marekani lilipoporomoka. Mwaka 1932 Roosevelt akaubeba kwenye kampeni zake za urais, na watu waliokuwa hawana kazi wakaupokea, maana siku njema ndizo walizokuwa wanazitamani. Louis Armstrong alitoa "What a Wonderful World" mwaka 1967, Wamarekani wakiwa vitani Vietnam. Kwao haukununuliwa sana. Waingereza ndio walioupandisha hadi namba moja mwaka uliofuata. Hata ule wa Bobby McFerrin wa mwaka 1988, "Don't Worry, Be Happy", ambao hauna hata gitaa moja kwa sababu sauti zote ni zake mwenyewe, ndani yake yumo mwenye nyumba anayedai kodi.

Ila wa Bob Marley ndio unaonigusa zaidi. Desemba 1976 alipigwa risasi nyumbani kwake Kingston. Akahamia London kwa muda, na mwaka 1977 ikatoka albamu ya Exodus yenye "Three Little Birds". Mtu aliyeponea chupuchupu ndiye anayekutuliza moyo. Huyo namwamini.

Na sisi je? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, sukari na sabuni vilipangiwa foleni nchi nzima. Miaka hiyohiyo Msondo na Sikinde walikuwa wanajaza kumbi. Walikuwa wanaimba nini? Ndoa zinazovunjika, maneno ya mawifi, mtoto aliyetelekezwa. Beti zikiisha, gitaa la solo linaanza kuchanganya, na watu wazima wenye madeni yao wanaingia uwanjani. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Mombasa nao ni wa wakati huo, na umeenda dunia nzima, lakini ulilengwa kwa watalii wa hotelini. Nikiupiga hapa Mbeya, watu wanatabasamu na kuendelea kula.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili halihitaji maelezo marefu. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na matarumbeta ni sehemu ya ibada zao hadi leo. Jumamosi utayaona kwenye pikapu mbele ya gari la maharusi, jamaa wa besi kuu amekaa ukingoni mwa bodi, mashavu yamemjaa, mdomo wa tarumbeta umebonyea upande mmoja. Wiki inayofuata ni matarumbeta hayohayo, na wapigaji walewale, wanaosindikiza jeneza. Na wazee wa Kinyakyusa wanasimulia kwamba zamani msibani ngoma ilipigwa na watu wakacheza. Kwa hiyo sisi furaha na msiba hatujawahi kuviwekea vyombo tofauti.

Nyimbo za siku hizi nazo nazipiga, tena kwa moyo. "Happy" wa Pharrell Williams wa mwaka 2013, uliotengenezewa video ya saa 24, unawainua watoto. Wazazi wanabaki kwenye viti. "Tetema" wa mwaka 2019 wa Rayvanny, kijana wetu wa Mbeya, akiwa na Diamond, unawainua vijana wote, na najivunia kuupiga. "Jerusalema" wa Master KG na Nomcebo Zikode uliinua dunia mwaka 2020, kipindi cha korona. Huo ni ombi kwa Mungu kwa Kizulu, la mtu anayesema makao yake hayako hapa duniani, na bado mabibi na wajukuu walipanga mistari wakaucheza.

Lakini ninaoupigia kura ni "Nani Kama Mama" wa Christian Bella na Ommy Dimpoz, wa mwaka 2014. MC akishamwita mama wa bibi harusi, nauachia. Mama anaingia na dada zake, sweta juu ya kitenge kwa sababu ya baridi ya Juni, vigelele vinaanza mlangoni. Watu wanatoka mezani kwenda kumtunza, noti zinachomekwa kwenye kilemba, nyingine zinaanguka na mtoto anaziokota na kuzitia kwenye kapu. Mama anacheza, anacheka, machozi yanamtoka. Ukumbi mzima unajua alivyouza ndizi ili binti asome. Nyimbo nyingine wakati ule zilikuwa juu kuliko huo na sasa hakuna anayeziomba. Huu MC ananikumbusha kabla hata sijafunga spika, na nikiupunguza mapema wanapiga kelele niurudie.

Mpiga muziki wa sherehe, Mwanjelwa, Mbeya