Saruji msiiguse, anzeni na daftari

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Sisi ni kikundi cha watu tuliojitolea katika shehia moja ya Wilaya ya Wete, Pemba. Tunasafisha makaburi ya zamani yaliyo pembeni ya mashamba ya mikarafuu. Mengi ni mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni. Machache yamejengwa kwa mawe na chokaa, na moja lina maandishi ya Kiarabu yaliyofifia. Mfadhili ametupa mifuko ya saruji tuyajenge upya, lakini baadhi yetu wanataka kwanza tujue waliolala pale ni nani. Tuanzie wapi?
*Msomaji, Wete*

JIBU: Waalaykumussalaam warahmatullah, wanangu. Mola awalipe kheri. Hiyo saruji mwombeni mfadhili aielekeze kwenye kisima au madrasa, huko itafaa. Makaburini isiingie.

Nasema hivi kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa fundi wa chokaa. Mawe yetu yanavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa polepole. Chokaa inaupitisha, saruji inaufungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, jiwe huwa unga, na masika kadhaa yakishapita lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Kama uso huo ulikuwa na jina, ndiyo limekwenda. Palipopasuka paacheni mpaka apatikane fundi anayeijua chokaa, kwa ushauri wa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Sheha wenu aiandikie barua sasa hivi, kabla hamjaendelea. Na kama ardhi ni ya wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo ijulishwe.

Kufyeka endeleeni, lakini moto msiwashe, maana unapasua mawe. Mti uliopenyeza mizizi kaburini msiung'oe, utatoka na ukuta mzima. Ukateni juu ya ardhi, kisha mwe mnarudi kukata machipukizi. Mkikuta tundu la duara kwenye lipu, huenda hapo palikaa bakuli la Kichina, kwani wazee wa pwani waliyapamba makaburi ya wakubwa wao hivyo. Kigae kikionekana chini kipigeni picha na mkiache hapo hapo. Msichimbe hata kidogo.

Kisha chukueni daftari na futi ya kamba. Kila kaburi lipeni namba na mlichore lilipo. Kwetu Pemba kibla ni karibu kaskazini kamili, kwa hiyo maiti hulazwa kichwa mashariki, miguu magharibi, uso ukielekea kibla. Mawe mawili yaliyokaa kwa mstari huo yaandikeni kuwa ni kaburi, hata kama yamezama na kubaki ncha tu.

Lile jiwe la maandishi ndilo linalonitia hofu zaidi, maana najua mtu atakuja na brashi ya waya, au chaki ya kukolezea herufi. Mkatazeni. Liendeeni asubuhi jua likiwa chini, mwanga uje kwa ubavu, na mikato iliyofifia itaonyesha vivuli vyake. Usiku tochi iliyolazwa pembeni ya jiwe hufanya kazi hiyo hiyo.

Mwaka usomeni kwa makini. Tano ya Kiarabu ni kiduara, na aliyezoea tarakimu za skuli huiona sifuri. Sifuri yenyewe ni nukta tu, na mvua huifuta. Tuseme jiwe limeandikwa ١٢٥٥, yaani 1255 Hijria. Zidisheni kwa 0.97, ongezeni 622, mtapata 1839 Miladia. Mkiisoma 1200 mtamrudisha marehemu nyuma zaidi ya miaka 50, na kumtafutia watoto wasio wake.

Kwa mawe yasiyo na maandishi, kitabu chenu ni wazee. Kuuliza "hili kaburi la nani?" mara nyingi hupata jibu la "sijui." Muulizeni bibi nani alikuwa akija kufyeka hapa, hitma ilisomwa upande gani, na nani alizikwa kabla ya Mapinduzi ya 1964. Asiyeweza kufika makaburini, au asiyependa kuingia, mfuateni barazani kwake na picha zenu. Wakitofautiana wawili, andikeni kauli zote mbili pamoja na majina ya waliosema.

Hapa naomba mtulie. Mashamba ya mikarafuu yalilimwa na watumwa, na utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Baadhi ya hao wasio na jina huenda ni wao, na wajukuu wao ni majirani zenu. Kaburi la mawe mawili lipewe namba, kipimo na ukurasa sawasawa na lile lililojengwa. Lakini nasaba mliyoambiwa barazani msiitangaze bila idhini ya wenyewe. Ipo familia itakayopenda jina la babu yao lijulikane, na ipo itakayotaka dua tu. Zote mbili ziheshimuni.

Mkitaka kwenda mbele zaidi, mmoja wenu avuke aende Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, akaulize hati za mashamba na za wakfu. Aende na majina ya mashamba ya jirani kama wazee wanavyoyaita, maana bila hayo atapotelea kwenye makaratasi.

Picha ya lile jiwe mkishaipata, nileteeni na mimi, iwe na rula pembeni isiyoligusa jiwe. Tutaisoma pamoja.