Mkuu, usiache dozi "ili uijaribu" dawa ya Chennai

Umeandika kwamba uko Chennai, India, na unataka kujaribu Siddha, tiba ya asili ya Watamil, dhidi ya VVU. Hilo wazo la "kusitisha ARV miezi mitatu nione kama dawa ya Siddha inashusha virusi" lifute usiku huu. Umeuliza bei, umeuliza kama uwanja wa ndege watakuruhusu kupita nayo, mimi nimeishia hapo kwenye kusitisha, chakula kikanishinda. Mwaka 2016 nilifanya hivyo hivyo.

Nilikuwa Chennai namuuguza mzee. Mbongo mwenzetu mmoja, dalali wa wagonjwa, akanipeleka kwa tabibu nyuma ya soko, chumba kinanuka samli na kiberiti. Nikapewa vitu vitatu, kwa kifupi RAN: rasagandhi mezhugu, nta nyeusi inayonata kidoleni, amukkara chooranam, unga wa mizizi, na nellikkai lehyam, kama jemu hivi. Dalali akaninong'oneza: "Kaka, ukichanganya na njugu", yaani ARV, "utajuaje ipi imekuponya?" Na mimi msomi, bwana, nikaona huo ndio utafiti wenyewe!

Nilikuwa natumia TLE, kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudine na efavirenz. Hakuna aliyeniambia kwamba ukiikata ghafla, tenofovir na lamivudine hutoka mwilini mapema, efavirenz inabaki peke yake siku nyingi. Virusi vinaamka vinakuta mlinzi mmoja, naye anasinzia. Usugu huanzia hapo.

Na eti nilikuwa "napima". Kwa mzani! Kilo 61 hadi 66 kwa wiki kumi, nikampigia dalali simu kwa furaha. Lehyam ni matunda ya nelli yaliyopikwa na sukari guru na samli. Vijiko viwili asubuhi na jioni, hata mwiko ungenenepa.

Nimerudi Dar, mkanda wa jeshi ubavuni. Nesi wa CTC, kliniki ya VVU, akafungua faili: kabla ya safari virusi havionekani, sasa nakala 86,000. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Nikarudishwa kwenye TLE, ushauri nasaha miezi mitatu, virusi vimegoma. Nikahamishiwa dawa za daraja la pili zenye atazanavir, macho yakawa ya njano. Ofisini nikasingizia Yanga.

Nilipompigia dalali akasema nilikosa imani. Imani! Kamisheni yake hakuikosa. Na ule wimbo wake wa "imethibitishwa na serikali ya India" ni nusu ya habari. Kweli, hospitali ya serikali ya magonjwa ya kifua pale Tambaram iliwapa wagonjwa RAN miaka ya 1990. Lakini ARV za bure India zilianza Aprili 2004. Kabla ya hapo maskini alichagua kati ya RAN na mikono mitupu. Mtu akirudiwa na hamu ya kula na kilo mbili tatu, ni heri, ila virusi havisomwi kwenye mzani. CD4, hesabu ya chembe za kinga, nayo isikudanganye, huyumba hata kwa mafua.

Tena hao wa "ni asilia, haina madhara": rasa kwenye hilo jina ni zebaki. Zebaki, mkuu, juu ya tenofovir ambayo tayari inataka figo zichungwe.

2011 nilimcheka shangazi yangu alipopanda basi kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu, dawa ya miti iliyodaiwa kuponya hata Ukimwi, kwa shilingi 500. Mimi nimelipa kwa dola.

Kipimo ni wingi wa virusi, na ARV haziguswi. Na kama vyako tayari havionekani kwa TLD, kidonge cha sasa chenye dolutegravir badala ya efavirenz, hiyo dawa itashusha nini? Ukitaka unga wa amukkara kwa ajili ya usingizi au hamu ya kula, mpelekee daktari wako jina la kila kichupa, pima kreatinini, kipimo cha figo, kwanza. Wakikupa unga mwingine wa Siddha, chenduram yenye chuma, au parpam ya magamba ya kombe, yenye kalsiamu, ujue madini hayo huinasa dolutegravir tumboni: TLD imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Mezhugu usiiguse kabisa.

Umesema unakaa huko hadi mwisho wa mwezi. Kopo lako limebaki na vidonge vingapi?