Barua kwa mwanangu: mtoto atoke kwenye timu au abaki?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma. Unaniuliza umtoe mjukuu wangu kwenye timu ya akademi au umwache, maana goti linamuuma, hapati namba, na leo anasema mpira basi, kesho anaamka akitafuta njumu zake. Mkwe wangu anaona avumilie kwa kuwa ada ya mwaka imeshalipwa. Kwa hayo uliyonieleza, mimi ningemtoa. Ila kwanza goti liangaliwe na mtoto asikilizwe, na benchi lisiwe ndiyo sababu. Umeyafunga pamoja mambo matatu, goti, kocha na mapenzi yake kwa mpira, na kila moja lina dawa yake.

Anza na goti leo hii. Mkalishe kitini akunje mguu, kisha shusha kidole kutoka kwenye pia ya goti kuelekea ugokoni. Chini kidogo ya pia utakuta kinundu cha mfupa. Ukikibonyeza akashtuka kwa maumivu, na kama huumia akishuka ngazi, akipiga shuti au akipiga magoti, yaelekea ni ule ugonjwa ambao madaktari huuita Osgood-Schlatter. Kano inayotoka kwenye misuli ya paja imejishikiza hapo, na mfupa wa hapo haujakomaa. Kila akikimbia, akiruka au kupiga mpira, kano inauvuta. Wavulana huupata zaidi kati ya miaka 12 na 15, wakati wanarefuka kwa kasi. Ukuaji ukikamilika maumivu kwa kawaida huisha, ingawa kinundu chaweza kubaki. Kinachoyarefusha ni kucheza huku anachechemea, au kumeza vidonge vya maumivu kabla ya mechi ili asisikie. Hilo la vidonge lipige marufuku kabisa. Wiki mbili hizi asikimbie mbio kali wala asipige mashuti. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe dakika 15 goti likiuma, na anyooshe misuli ya mbele ya paja kila siku, sekunde 30 kila mguu, mara tatu, bila kuvuta hadi aumie.

Mpeleke hospitali goti likivimba lote, likikwama, akipata homa, au maumivu yakimwamsha usiku. Ukimwona anachechemea huku mguu umegeukia nje, usingoje hata kesho na usimkanyagishe mguu huo. Katika umri huu kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza pale nyongani, na maumivu yakasikika gotini. Hapo mwombe daktari apige picha ya nyonga, kwa sababu picha ya goti peke yake haitaonyesha kitu.

Sasa chukua karatasi, ujumlishe saa zake za mpira. Umesema mazoezi ya akademi ni siku tano, saa mbili mbili. Hiyo ni 10. Mechi ya Jumamosi pamoja na kupasha mwili ni 2. Timu ya shule inayojiandaa na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, inamchukua saa 4. Jumla 16, na mtoto ana miaka 14. Madaktari wa michezo hushauri saa za mchezo kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Madaktari wa watoto wa Marekani nao, kupitia chama chao, wanashauri apumzike mchezo wake siku moja au mbili kila wiki, na kwa mwaka apate jumla ya miezi miwili hadi mitatu mbali nao, hata ikigawanywa mwezi mmoja mmoja. Wako Jumapili anacheza ndondo mtaani, kwa hiyo hana siku hata moja. Halafu kuna usingizi. Akitoka uwanjani saa 12 na nusu, na foleni ya Kimara unaijua, anafika saa 2, anakula, anasoma hadi saa 5, anaamshwa saa 11 alfajiri. Anapata usingizi wa saa 6 tu, naye anahitaji 8 hadi 10. Upimaji wa kidato cha pili ni Novemba. Uchovu wa namna hii huwafanya watoto waseme wamechoka na mpira, kumbe wamechoka mwili.

Mpime pia urefu ukutani, bila viatu, asubuhi, kila baada ya miezi mitatu. Akiongezeka sentimita 2 au zaidi, yuko kwenye kipindi cha kurefuka kwa kasi. Mguu umerefuka, ubongo haujauzoea, basi anapokea mpira unamponyoka, anachelewa kugeuka. Kocha asiyelijua hili humwona mtoto ameshuka kiwango, akamweka benchi, wakati ni hali ya kupita. Ongeza kwamba yeye ni wa Desemba. Kwenye timu ya chini ya miaka 15 inayohesabu mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa Januari anamzidi karibu mwaka mzima. Na bado kuna vijeba, wale waliozidi umri wanaojipunguzia miaka. Tatizo hilo ni kubwa kiasi kwamba FIFA kuanzia Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 la mwaka 2009 hutumia kipimo cha picha cha MRI cha kifundo cha mkono kuwabaini waliozidi umri huo. Kwa hiyo benchi la umri wa miaka 14 halisemi mengi kuhusu atakavyokuwa akifika 18.

Hata hivyo, mtoto hukua kwa kucheza. Hesabu dakika zake katika mechi nne zijazo atakapopona. Kwa umri huu naona asipate chini ya nusu ya muda, maana timu ya watoto ipo kwa ajili ya kuwafundisha. Kisha zungumza na kocha. Usimwendee baada ya mechi, damu ikiwa bado inachemka. Nenda siku ya mazoezi, mapema, kabla wenzake hawajafika. Usimuulize kwa nini mtoto wa fulani anacheza. Muulize wako afanye nini ili apate namba, na atajuaje kwamba amefanikiwa. Kocha mzuri atakutajia jambo linaloonekana: atumie mguu wa kushoto, aangalie bega lake kabla ya kupokea pasi, arudi kukaba winga akipoteza mpira. Akikujibu tu kwamba “aongeze bidii”, au akianza kuzungumzia pesa za ziada, umeshapata jibu lako.

Yapo mambo ambayo hayangoji mechi nne. Viboko. Matusi ya kumvunjia mtoto utu. Kumlazimisha kucheza ameumia. Kocha anayetaka kuwa na mtoto faraghani au kumtumia ujumbe wa siri. Na wakikuomba umtafutie cheti kingine cha kuzaliwa ili “apunguzwe” miaka, chukua begi lake siku hiyohiyo na msirudi tena.

Wakala aliyekuahidi majaribio Ulaya naye mwache. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache kama wazazi kuhamia huko kwa sababu zisizohusu mpira. Anayekudai nauli na viza kwa ajili ya mtoto wa miaka 14 anataka pesa zako.

Kumuuliza mtoto mwenyewe kuna wakati wake. Usimuulize njiani mkitoka kwenye mechi, wala baba yake akiwa amekunja uso. Wakati mnakula au mnafua, mwulize: timu ikivunjwa kesho, jioni zako utafanya nini? Akisema atakwenda kucheza na wenzake kiwanjani, mapenzi ya mpira yapo na kinachomchosha ni timu. Akitaja mambo mengine kabisa, heshimu hilo pia. Zile wiki mbili za kupumzisha goti zitakusaidia. Msimtajie mpira. Siku za kwanza kila mtoto hufurahia likizo, kwa hiyo zisikudanganye. Tazama wiki ya pili, kama anagusa mpira bila kuambiwa.

Ada mwambie mkwe wangu kwa upole kwamba imeshaondoka, akibaki au akitoka hairudi. Cha kupima ni miezi iliyobaki itamletea mtoto nini.

Akiamua kutoka, amalizie mashindano haya kama goti linaruhusu, asiwaache wenzake njiani. Nenda naye kwa kocha, mwambieni ana kwa ana, mtoto aage kwa mdomo wake, jezi zirudishwe zimefuliwa. Chukua barua inayotaja tarehe aliyojiunga na aliyoondoka, na uulize kama alisajiliwa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ili usajili wake usije ukamfunga kwingine. Barua hiyo itunze: fidia za mafunzo, ambazo kwa kanuni za FIFA klabu mpya huzilipa klabu zilizomlea mchezaji, huhesabiwa tangu msimu mchezaji anapotimiza miaka 12, na siku akisaini mkataba wa kulipwa, tarehe hizo zitatafutwa.

Jioni zisibaki tupu. Timu ya shule inatosha mwaka huu, siku tatu kwa wiki, na ndondo la Jumapili abaki nalo maana hapo hakuna anayempigia kelele. Akirudi uwanjani aanze na nusu ya mazoezi, aongeze wiki kwa wiki, na goti likiuma kesho yake asubuhi, arudi hatua moja nyuma.

Mbonyeze hicho kinundu usiku huu, unipigie uniambie anaumia wapi hasa, na kama mguu umenyooka anapotembea.

Mama yako