Excel za matawi kuziingiza kwenye databesi: anza na SQLite na skripti fupi, mambo ya kununua programu yasubiri

Ndugu uliyeuliza kutoka Busia, nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu wote. Kila mwezi matawi ya SACCO yanakutumia mafaili ya Excel, unayaunganisha kwa mkono, meneja anataka ripoti kesho asubuhi, na kuna mtu kawashauri mnunue programu ya mamilioni. Mi niko Arua, hapahapa Uganda, na kazi yangu ni hiyohiyo, tofauti tu ni kwamba kwangu ni wakulima na mizani ya mazao, kwenu ni akiba na mikopo. Nakwambia kwa moyo wote, msinunue kitu kwanza. Vifaa vyote unavyohitaji ni programu huria, vinapatikana bure, na hiyo laptop yako ya kawaida inavibeba bila shida.

Wenzangu hapo juu wamekutajia SQLAlchemy (maktaba ya Python ya kuongea na databesi), wengine Scriptella, mmoja kasema hamia PostgreSQL (databesi ya seva) leo leo. Vyote ni vizuri na baadhi navitumia. Scriptella kwa mfano inakuwezesha kuandika SQL yako (lugha ya kuamrisha databesi) ndani ya faili moja la XML ikahamisha data toka databesi moja kwenda nyingine, lakini lazima uwe na Java na uzoee XML. Kwa mtu anayeanza na Excel ningesema chukua vitu viwili tu, SQLite ambayo ni databesi na Python ambayo ni lugha ya kuandikia skripti. SQLite ipo tangu mwaka 2000, haitaki seva, haitaki paswedi, databesi nzima ni faili moja unalolibeba kwenye flashi. Na Python imekuja na moduli ya sqlite3 ndani yake tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, kwa hiyo bando lako halitaisha kwa kudaunlodi. Cha kuongeza ni openpyxl tu ya kusoma mafaili ya xlsx. Kama kuna tawi bado linatuma xls ya zamani, hiyo openpyxl haiisomi, tumia in2csv (inageuza Excel kuwa CSV, faili la maandishi matupu) iliyomo kwenye csvkit, ila usisahau kuiwekea -I, la sivyo itaanza kukisia yenyewe kipi ni namba na kipi ni maneno.

Sasa jambo kubwa lenyewe, na hili ndo ningependa ulishike hata ukisahau mengine yote. Usisafishe data wakati unaiingiza. Tengeneza jedwali la kwanza, liite mbichi, kila safu iwe TEXT, yaani maneno, hata ya pesa hata ya tarehe, halafu mwaga humo kila kitu kama kilivyotoka tawini, pamoja na safu mbili za ziada, jina la faili na namba ya mstari. Halafu uwe na jedwali la pili, safi, ambalo linajazwa na SQL inayosoma kutoka mbichi. Faida yake utaiona siku mwanachama anakuja kaunta analalamika akiba yake haifanani na kitabu chake, we unafuata nyuma mpaka kwenye faili la tawi na mstari wenyewe, unaona karani aliandika nini. Ukishasafisha juu kwa juu ndani ya Excel hiyo njia ya kurudi haipo tena, na pesa za watu si kitu cha kubahatisha.

Usafi wenyewe ufanye kwa SQL, usiandike mistari mia ya Python yenye if na else. Namba za simu ndo zitakusumbua kuliko vyote. Excel ikiona 0772 mwanzoni inadhani ni hesabu, inakata sifuri, nyingine zinakuja na +256, nyingine 256 bila alama, nyingine zina nafasi katikati, na kuna karani ataandika namba mbili kwenye kisanduku kimoja akatenganisha kwa mkwaju (/). Ondoa nafasi na vistari kwa replace, kisha chukua tarakimu tisa za mwisho uziwekee 256 mbele, yaani '256' || substr(simu, -9), na zile zenye mkwaju zitenge kwanza uziangalie kwa macho. Pesa nazo zitakuja 1,500,000/= zikiwa na koma na ile alama yetu ya mwisho, toa vyote halafu weka INTEGER, yaani namba kamili, shilingi yetu haina haja ya desimali. NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, ina herufi na tarakimu 14, kwa hiyo swali fupi la length(nin) <> 14 linakutolea orodha ya waliokosewa, hiyo orodha itume tawini wairekebishe wao wenye karatasi.

Tarehe, aisee. 03/04/2023 ni tarehe tatu mwezi wa nne au ni tarehe nne mwezi wa tatu? Inategemea laptop ya tawi imesetiwa Kimarekani au la. Openpyxl inasaidia hapa kwa sababu kisanduku ambacho Excel inakijua ni tarehe kinakuja kama tarehe, na kilichoandikwa kama maneno kinakuja kama maneno, kwa hiyo unajua zipi za kutilia shaka. Ila angalia, laptop yenye mpangilio wa Kimarekani ikiandikiwa 03/04 inaikubali kama Machi 4 bila kulalamika, na ikiandikiwa 25/04 inaiacha kama maneno. Ukiona faili ambalo tarehe za 13 kwenda juu zote ni maneno na za chini yake zote ni tarehe, ujue laptop ya hilo tawi ina mpangilio huo na zile za chini zimegeuzwa. Hifadhi zote kwa mtindo wa 2023-04-03, zinajipanga zenyewe na hata mwaka wa fedha wetu wa Julai mpaka Juni unaukata kwa BETWEEN bila taabu.

Majina ya wilaya usiyafanyie find and replace. Huku kwetu Madi-Okollo ilimegwa kutoka Arua 2019, Terego ikafuata 2020, na mwaka huohuo Arua mjini pakawa jiji, sasa mkulima yuleyule kwenye rekodi zangu ana wilaya mbili au tatu tofauti na zote zilikuwa sahihi wakati zinaandikwa. Kwenu huko Namayingo ilitoka Bugiri 2010. Tengeneza jedwali dogo la maeneo lenye jina lililoandikwa, gombolola, na wilaya ya sasa, kisha unganisha kwa JOIN. Wakigawa tena unaongeza mistari michache na ripoti zote zinakaa sawa.

Kingine, skripti yako lazima iweze kukimbizwa mara mbili bila kuharibu. Matawi yatakutumia faili, kesho watatuma tena wakisema hili ndo lenyewe lile futa. Kwa hiyo weka ufunguo, yaani kitu kinachotambulisha kila mstari, na usiwe namba ya risiti peke yake maana kila tawi linaanza kitabu chake na 001, uwe tawi pamoja na namba ya risiti. Halafu tumia INSERT yenye ON CONFLICT DO UPDATE, yaani mstari wenye ufunguo huo ukiwepo tayari unasahihishwa badala ya kuongezwa tena, ipo SQLite tangu toleo la 3.24 la 2018. Kama data inatoka kwenye SELECT weka WHERE true kabla ya ON CONFLICT, bila hiyo SQLite inachanganyikiwa inadhani ile ON ni ya JOIN, na kosa inalokuonyesha halitakusaidia kujua tatizo liko wapi. Na kazi nzima ya faili moja ifungie ndani ya BEGIN na COMMIT. Umeme ukikatika katikati, ukiwasha tena SQLite inarudisha databesi ilivyokuwa kabla, hupati nusu ya tawi imeingia nusu imebaki.

Halafu majina. Hapo mpakani lazima una akina Wang'ombe na Ng'ang'a. Ukiunda SQL kwa kuunganisha maneno, ile alama moja ya juu inakatisha sentensi na skripti inaanguka, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kutumia mwanya huohuo kufuta jedwali lako. Tumia alama ya kuuliza mahali pa thamani, upeleke thamani pembeni, execute("... VALUES (?, ?)", (jina, simu)). Ukija kuhamia PostgreSQL na psycopg, maktaba yake ya Python, inakuwa %s badala ya ?, mengine karibu yote ni yaleyale kwa sababu maktaba hizi za Python zinafuata utaratibu mmoja.

Kuhamia PostgreSQL utahamia siku watu kadhaa wanataka kuandika kwa wakati mmoja, maana SQLite inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa zamu. Kusoma wanaweza kusoma wengi. Kama ni wewe peke yako unaingiza na meneja anasoma ripoti, hiyo siku bado iko mbali. MySQL au MariaDB ukishaizoea nayo sawa, sina ugomvi nayo, ila pale usemi wa ON CONFLICT unakuwa ON DUPLICATE KEY UPDATE.

Bakapu usikopi faili huku skripti inafanya kazi, tumia amri ya .backup ya SQLite, peleka nakala kwenye diski inayolala nyumba nyingine, na mara mojamoja ifungue hiyo nakala uhesabu mistari.

Ukikwama kwenye hatua ya mbichi, weka hapa majina ya safu za faili moja na mistari michache ya kubuni nitakuandikia hiyo CREATE TABLE. Tafadhali usiweke majina, NIN wala simu za wanachama wenyewe, Uganda tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na hao watu wamewaamini nyie.